Madirisha ya Hostia

Juzi nilipeleka gunia la unga wa ngano kwa masista wa Beni. Kazi yangu ni pikipiki: Butembo–Beni, Beni–Butembo, wakati mwingine hadi Mutwanga kama barabara imekubali. Nilikuwa bado sijazima moteri, harufu ikanikamata shingoni. Unga unaoungua kidogo juu ya chuma, bila chumvi, bila sukari, bila mafuta. Mwingine angepita tu, akadhani kuna mtu anapika vibaya. Mimi nilibaki nimekaa juu ya pikipiki kama gunia la pili.

Sista mmoja kijana alitoka jikoni, mikono myeupe hadi kwenye viwiko.

"Eh, motari! Unalia juu ya moshi ao bibi amekufukuza?"

"Ni moshi, Sista. Bibi sina hata wa kunifukuza."

Akacheka, akanitilia mabaki ya hostia kwenye sashe ya plastiki. "Kamata, utakula njiani."

Bibi sina, na nikijaliwa sitakuwa naye. Niko kati ya vijana ambao padri mmoja wa Beni anawasindikiza, wale wanaotaka kujua kama kweli wameitwa au wanaota tu. Watu wananiambia ninaota, kwa sababu shule yangu iliishia njiani na ninapenda sana kucheka. Padri huyo yeye hacheki. Mara ya mwisho aliniuliza swali moja: "Siku utakayosimama na sahani ya komunyo mkononi, na watu wamepanga mstari mbele yako, kuna mtu utamuruka?"

Nilimwambia, "Nipe muda, Padri."

Kuna mtu. Nilimjua nikiwa mtoto, kule Kimemi, mtaa wetu wa Butembo, na habari yake inaanzia kwenye harufu ile ile.

Asiyejua nimweleze. Hostia haziokwi moja moja. Sista anamimina uji wa unga na maji kwenye chuma chenye sahani mbili, anakifunga, mvuke unalia, na kinachotoka ni karatasi nyembamba, nyeupe, kubwa kama uso wa mtu. Inaachwa ilainike, halafu inakatwa miduara kwa kibomba chenye makali. Miduara inaenda kanisani. Kinachobaki ni karatasi yenye matundu, na masista wa kule kwetu Butembo walikuwa wakiianika juani kwenye sinia, kisha Jumamosi wakatugawia sisi watoto. Tuliita vipande hivyo madirisha. Kabla ya kula ilikuwa sherti uchungulie kwanza. Nimeiona Kimemi yote kupitia madirisha yale: mabati, matope, mbuzi wa jirani, wamama wanaoshuka na mizigo ya ndizi mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Hata yule mbuzi, aliyekuwa mwizi, ndani ya dirisha alionekana kama mtakatifu.

Na niliamini kitu ambacho hakuna aliyenifundisha. Niliamini Yesu anakuwa amekaa katika karatasi nzima, na sista anapokata, anahamia kwenye miduara, kama mtu anayesogea kwenye benchi ili mwingine akae. Lakini mtu akiinuka, kiti kinabaki na joto lake. Na madirisha yalikuwa na joto! Niliyashika kwa mikono yangu. Kwamba lilikuwa joto la jua lililopiga sinia tangu asubuhi, hilo halikunijia hata siku moja.

Sasa nimseme mama. Jina lake Kanyere. Aliuza mikate ya mafuta kando ya barabara, naye alikuwa mtu wa kucheka mwenyewe kabla hajamaliza kukusimulia. Tulikaa katika nyumba ndogo nyuma ya nyumba ya Koko, mama yake. Papa alikuwa Muislamu wa Beni, mwenye lori, anaitwa Ramazani. Alikuwa na bibi mwingine kule, na watoto wakubwa. Alipopita Butembo na mizigo, alilala kwetu, akatuachia samaki wa kukausha na harufu ya mazuti ya lori, akaenda. Kwa watu wa msikiti, mama alikuwa bibi yake wa pili, halali kabisa. Kwa watu wa kanisa, alikuwa mwanamke anayekaa katika zambi. Mimi nilibatizwa kwa sababu Koko alipiga magoti mpaka wakamhurumia.

Kila Jumapili tulienda misa, na kila Jumapili jambo lile lile. Wakati wa komunyo, benchi letu lilisimama lote. Wamama wakapita mbele ya magoti ya mama, kila mmoja akivuta kitenge chake pembeni kana kwamba anaruka maji machafu. Mama alibaki peke yake kwenye benchi refu, anatazama viatu vyake.

"Mama, weye hauna njaa?" nilimuuliza.

"Nimeshiba, mwana wangu. Nyamaza."

"Ulikula nini?"

"Nilikula ile ya zamani."

Nilimwangalia, alikuwa mwembamba. Nikawaangalia wale waliorudi kutoka mstarini, wakitafuna polepole macho chini, na niliona walikuwa wanene. Hasa Mama Veneranda. Hesabu ilikuwa wazi: mama yangu ananyimwa chakula mbele ya watu wote, na mwenye sahani ni padri. Kwa hiyo sherti niwe padri. Wito wangu ulianza hivyo, na nikisikia wenzangu leo wanasimulia yao, wenye ndoto na sauti za usiku, naona aibu kidogo. Mimi nilitaka tu kushika sahani.

Mama Veneranda alikuwa mkubwa wa shirika letu. Shirika ni nyumba za jirani zinazosali pamoja, wiki hii kwa huyu, wiki inayofuata kwa yule. Ukitaka kubatiza mtoto, shirika liseme linakujua. Ukifa, ni shirika linalokuja kuimba, kupika na kubeba sanduku, na bila neno lake parokia haitumi mtu. Basi anayeongoza shirika anashika mlango wa mbingu pamoja na masufuria ya kilio. Mama Veneranda alivishika vyote viwili kwa mkono mmoja. Alikuwa mtu msafi, kitenge hakina mkunjo, aliyejua majina ya watakatifu wote na zambi za barabara nzima. Wakubwa walimwita Mama Prezida.

Mimi nilianza kazi yangu ya upadri bila kungoja. Nyuma ya migomba ya Koko nilisoma misa kila Jumamosi, nimevaa gunia la mchele lililotobolewa kichwa na mikono. Kengele ilikuwa rimu ya baiskeli. Ndege ya kutua kiwanja cha Rughenda ikipita juu, tulisimamisha misa mpaka imalize, kwa sababu waumini wote walikuwa wanaangalia juu. Halafu niligawa madirisha. Niligawa kwa kila mtu, hata kwa mdogo wa Kasereka aliyekuwa na kikohozi na makamasi. Sikuruka mtu.

Kasereka mwenyewe, mtoto wa jirani, alikuwa na mdomo kama kisu.

"Padri Ramazani!" aliniita. "Leo unasoma misa ao unaita azana?"

"Yote mbili," nikamjibu. "Mungu iko na masikio mbili."

Watoto wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Kisha wakanivua gunia langu wakalitupa chooni. Nililiona likizama polepole, mkono mmoja ukiwa juu kama unaaga. Nilimwambia mama limeibiwa, na mama alijua, akaahidi kunitafutia lingine.

Wakati huo alikuwa na mimba, na mimba ile ilikuwa inamla. Uso ulivimba, miguu ikajaa maji. Usiku nilimsikia anahema kama mtu anayepanda kilima akiwa amelala. Alipunguza kuuza, halafu akaacha. Nikaona siwezi kungoja kukua. Upadri unachukua miaka, na mama alikuwa na njaa sasa.

Siku moja zamu ya sala ilifika kwa Koko. Ilikuwa mchana kuelekea jioni. Wamama walikuwa wamejaa kwenye nyumba kubwa wanaimba, na mama alikuwa nyuma, kwenye mkeka wake, miguu mbele. Koko alimwomba abaki kule. Sala inaenda vizuri zaidi, alisema, bila maneno ya watu. Mimi nilikuwa natoka kwa masista mbio, dirisha kubwa nimelificha ndani ya shati, limegusa ngozi, ili joto lisitoroke.

"Mama, fungua mudomo."

"Ni nini tena, Padri wangu?"

"Fungua tu. Ingali na joto!"

Akaanza kucheka, halafu akaona mimi sicheki. Nikamweleza yote: benchi, kiti, joto linalobaki. Alinisikiliza kama mtu anavyomsikiliza daktari. Hakunisahihisha hata neno moja. Alifuta mikono kwenye kitenge, akashika ukuta, akajivuta na tumbo lake lote, akapiga magoti. Hilo mimi sikuwa nimemwomba. Nikavunja kona ya dirisha, nikaiinua kama nilivyoona wanavyofanya.

"Mwili wa Kristo."

"Amina."

Ulimi wake ulikuwa mweupe kwa homa. Alifunga mdomo, akafumba macho, na machozi yakaanza kushuka bila yeye kutoa sauti. Mimi nilikuwa na furaha ambayo mpaka leo ninaitafuta kila ninapoingia kanisani. Nilikuwa nimemlisha mama yangu.

Mama Veneranda alikuwa mlangoni. Alikuja kutafuta kiti kimoja kilichopungua.

"Kanyere. Unakula nini?"

Mdomo wa mama ulikuwa na kitu.

"Nakuuliza unakula nini, na magoti chini!"

Nikajibu mimi, tena kwa fahari: "Komunyo! Miye njo nimemupa."

Aligeuka akaita kwa sauti ile ile ya kuanzisha wimbo: "Bamama! Mukuye muone!" Wakaja, wakajaza mlango, Koko yumo katikati yao. Chumba kikawa giza.

"Tema," akasema Mama Veneranda.

"Mama Prezida, ni mabaki tu. Batoto bote banakulaka."

"Kwa batoto ni mabaki. Kwako weye ni matusi. Tema."

Akakinga kiganja chini ya kidevu cha mama, kama unavyomfanyia mtoto aliyeokota kifungo akakitia mdomoni. Mama alimtafuta Koko kwa macho. Koko alikuwa anaangalia chini, anavuta uzi kwenye kitenge chake. Nilisikia kuku wanakwaruza nje.

Mama akatema.

Kilitoka kidogo tu, uji mweupe na mate. Mama Veneranda alifunga mkono, akatoka akishika ngumi yake mbele kwa uangalifu mkubwa, polepole, mpaka jikoni, akakitia katika moto ili kisikanyagwe. Mimi nilimfuata, nikaona. Na nikawaza: kumbe na yeye anaamini! Angekuwa anajua ni mabaki, angekifuta ukutani. Nilimpenda kidogo kwa ajili hiyo, kwa muda ule wa kutoka chumbani hadi jikoni. Kisha akageuka, akasema mbele ya watu wote:

"Kuanzia leo, hii nyumba ya nyuma haiko ya shirika yetu. Mwenye kuingia mule, asikanyage kwangu."

Usiku Koko alileta chakula cha mama, akakiacha nje ya mlango. Mama akamwita. Koko alijibu akiwa amegeuka tayari: "Miye pia nitakufa, Kanyere. Nani ataniimbia?"

Nilienda kwa padri wa parokia yetu peke yangu. Nilimkuta anaosha gari lake, suruali imekunjwa. Nilikuwa na dirisha mkononi kama ushahidi, nikamsimulia. Alilichukua, akaligeuza, akaling'ata. Kra, kra.

"Lakini hii ni biskuti tu! Wambie bapunguze moto."

"Donc, basi, Mama atarudia kwa shirika?"

"Ah, ya shirika bamalizie kwa shirika. Mimi siingiake mule."

"Na miye nataka kuwa padri."

"Muzuri sana! Papa na Mama balifunga ndoa kanisa gani?"

"Papa anasalia kwa musikiti."

Alicheka. Hakikuwa kicheko kibaya, nakumbuka alinipapasa kichwa kwa mkono wenye sabuni. "Basi weye utatupigia kengele," akasema. Wakati huo parokia yetu haikupeleka seminari mtoto ambaye wazazi wake hawakufunga ndoa kanisani, na mimi sikujua. Nilidhani kengele ni darasa la kwanza. Aliendelea kula dirisha langu mpaka likaisha. Lilikuwa la mama.

Swali la ndoa nililichukua vile lilivyo, kama kazi ya kufanya. Lori la Papa lilipofika, nilipanda juu hadi kwenye kiti cha dereva.

"Papa, sherti uoe Mama kwa kanisa. Nikuwe padri."

Papa alizima moteri. "Niko na bibi Beni. Mama Zaina. Nimufukuze?"

Nilimjua Mama Zaina kwa mandazi aliyonitumia. "Hapana."

"Mama yako nimufukuze?"

"Hapana!"

"Basi Mungu atupange yeye. Sisi tumeshindwa, mwana yangu." Akaweka paji la uso kwenye usukani, akakaa hivyo muda mrefu, mpaka watu wa nyuma wakaanza kupiga honi.

Mama alikufa akizaa, mchana wa jua kali. Alikufa pamoja na mtoto msichana. Kwetu jina linamngoja mtoto hata kabla hajaja. Yeye angekuwa Kahindo, kwa kuwa alikuja msichana nyuma ya mvulana. Kwa kuwa nilitaka dada, nilikuwa nimeanza kumwita hivyo kupitia tumbo.

Walimlaza mama nyumba kubwa. Koko alituma mtu parokiani. Parokia ikauliza shirika. Shirika likajibu halimjui.

Nilitoka nje, nikawaona wamama upande wa pili wa barabara, wote, na vitenge vyao vya sare, Mama Veneranda mbele. Moyo wangu ukaruka. Nilijua wamekuja kuimba. Walisimama tu, midomo imefungwa, na mimi nikadhani hawajui kama ruhusa ipo, au wanatafuta sauti ya kuanzia. Nikavuka barabara.

"Muko na ruhusa kuanza," nikawaambia. "Mama iko ndani."

Mmoja wao alifunika uso. Mama Veneranda aliniangalia kutoka juu hadi chini.

"Si uko na padri kwenu? Padri Ramazani, imba mwenyewe."

Kuna waliocheka. Si wengi, na kicheko kilikatika haraka, lakini nilikisikia. Nilirudi ndani nikaketi karibu na kichwa cha mama.

Waliokuja ni watu wa Beni. Lori la Papa liliingia likiwa limejaa madereva, mafundi wa magari, wauza vipuri, wenye kofia zao za sala, mikono yenye grisi. Hawakumjua mama, ingawa wengi wao walikula mikate yake mara moja au mbili wakipita. Walichimba kaburi, wakachemsha chai, wakabeba maji. Waliuliza kila kitu kwa upole: kwenu kichwa kinaelekea wapi? Msalaba unakaa upande gani? Nikajibu mimi.

Kabla hawajafunga sanduku, nilitoa dirisha. Nililificha tangu Jumamosi kwa ajili yake, lilikuwa limepoa, limekauka kama ganda la yai. Niliachanisha midomo ya mama kwa kidole kama yeye alivyonifanya akinipa dawa, nikaweka kipande ndani. Fundi mmoja akanyoosha mkono kunizuia. "Acha mutoto," Papa akasema. "Anajua anafanya nini."

Nikasema maneno. Hakuna aliyejibu Amina, wale hawakujua ni zamu yao. Lakini mama alifunga mdomo juu ya kipande kile, au mimi niliufunga, na mlangoni hapakuwa na mtu wa kumwambia ateme.

Kaburini nilianzisha wimbo wa kuagia wafu. Niliujua nusu tu. Nilipofika mwisho wa nusu, nikarudia mwanzo. Madereva hawakujua hata neno moja, wakaanza kunifuata kwa kuvumisha, midomo imefungwa, mmmm, sauti nzito za watu waliozoea kupiga kelele juu ya moteri. Papa alifungua viganja vyake viwili mbele ya kifua. Ilikuwa kwaya mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia, na leo nikipita lori barabarani bado naisikia.

Papa alinichukua Beni. Mama Zaina hakuniuliza lolote. Jumapili ya kwanza nilikuta shati langu limepigwa pasi liko kwenye kiti. "Enda kwa misa, usichelewe," akasema, "na urudie moja kwa moja." Alilipiga pasi shati lile miaka yote niliyokaa kwake. Papa aliniambia baadaye kwamba nilimlilia mama kwa wimbo ule ule, nusu ule ule, mpaka jirani wakaujua.

Basi Mama Veneranda ndiye mtu wangu wa kuruka. Siku hizi milango imelegea, habari ya ndoa ya wazazi haiulizwi kama zamani, na padri wa Beni alinipokea nilivyo. Kilichobaki ni lile swali lake. Na siku ile ya unga, nikitoka kwa masista na sashe ya madirisha kifuani ndani ya koti, nilijua nitapita Kimemi. Nililiwaza njia yote, kwenye kila barieri ya askari, kwenye kila shimo.

Mama Veneranda bado yupo. Alikuwa mlangoni kwake, kwenye kiti kilichokatwa miguu ili asianguke, kitenge kimekunjamana na kina madoa. Watoto wake wametawanyika. Miguu yake imevimba kama ya mama ilivyovimba, hawezi kufika kanisani. Shirika lina wakubwa wapya, vijana wenye simu, na zamu za sala haziingii tena katika nyumba yake kwa sababu inanuka. Nilikuwa nimepita pale mara nyingi bila kusimama. Safari hii nilizima moteri.

"Ni nani?"

"Mumbere. Wa Kanyere."

Alitafuta katika kichwa chake. Sijui kama alipata. "Padiri hafikake tena huku," akasema. "Natumaka batoto bamuite, hafike. Tangu mvua ile ingine sijapokea komunyo. Banasema nimeshiba?" Kisha pua yake ikacheza. Ile harufu ilikuwa imemfikia. "Uko na nini mule ndani ya koti?"

"Ni mabaki, Mama Prezida. Mabaki tu ya masista."

"Nipe."

Nilitoa dirisha moja. Lilikuwa na joto, la kifua changu. Yeye alikuwa ameshafumba macho, amekunja mikono, ametoa ulimi, na ulimi ulikuwa mweupe. Nikavunja kona. Nikaiweka.

Neno lilikuja lenyewe, lile alilomwambia mama. Lilipanda kutoka tumboni likakaa nyuma ya meno yangu, limekomaa, fupi, na kiganja changu tayari kilikuwa chini ya kidevu chake. Sikujua kilifika pale saa ngapi. Barabara ilikuwa na watu. Wangesimama kutazama.

Nikalimeza.

Yeye naye akameza. Akasema "Amina", ingawa mimi sikuwa nimesema kitu, kisha akafungua mdomo tena.